Nilivyokosa picha ya pangaboi la ndege ya vita hapa Sydney, na nilichorudi nacho badala yake

Wakuu, habari za majukumu.

Humu jukwaani mimi ni mtu wa kusoma, kugonga like na kupita. Leo nimeamua na mimi nianzishe uzi. Sina chai ya kuwamiminia. Na mahali nitakapoonekana mjinga, jueni nilikuwa mjinga kweli, sijapunguza kitu.

Niko Sydney, Australia, tunaishi Rooty Hill. Kabla hamjajaa PM kuniuliza habari za viza, mimi nimeletwa na mke. Mke wangu ni nesi, Mkenya wa Nakuru, kazi yake iko hospitalini Westmead. Mimi ndiye niliyebebwa kama begi la mkononi. Chekeni mmalize tuendelee.

Nyumbani Mwanza nilikuwa mpiga picha wa sherehe. Harusi, send-off, kipaimara, mahafali, hata misiba ya wenye uwezo wao. Kama ulioa Mwanza miaka ile na kwenye albamu yako mama mkwe anaonekana analia vizuri, kuna uwezekano mkubwa ni kazi ya mikono yangu.

Huku mambo ni mengine. Harusi zao zina watu wao, na ukiomba kazi unaulizwa website, unaulizwa insurance, unaulizwa umewahi kupiga harusi gani hapa Sydney. Nikaishia kupanga maboksi kwenye ghala la vyakula. Kamera ikalala kabatini, chini ya masweta.

Sio kwamba nalalamika. Ghala linatulisha. Ila mtu aliyezoea kuitwa "kamera, njoo huku!" na ukumbi mzima, halafu anakaa mwaka bila mtu yeyote kumhitaji kwa kile anachokijua, moyo unaanza kupauka. Wanaoishi nje wananielewa.

Sasa, Jumamosi moja nilimshusha mke Westmead asubuhi. Binti yetu Zawadi alikuwa kwa rafiki yake (huyu ukimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, anakujibu Kingereza). Nikabaki na siku nzima mkononi. Nikaichukua kamera kutoka chini ya masweta, nikaendesha gari kuelekea kusini magharibi, nikapita Liverpool, nikaendelea tu bila mpango.

Huko mbele kuna kiwanja cha ndege cha zamani. Vindege vidogo vya kujifunzia bado vinatua, na pembeni kuna hanga kubwa la mabati lililogeuzwa makumbusho ya ndege za vita. Mimi sikulijua hilo. Nilichoona ni Dakota, ndege ya zamani ya kubeba askari na mizigo, imepaki nje, imenyanyua pua juu, mwili wote unang'aa kwa jua la asubuhi, na mzee mmoja yuko juu ya ngazi anaipangusa dirisha kwa kitambaa kama anamnawisha mtoto uso.

Mkono wenyewe ukaenda kwenye kamera.

Hapo ndipo Utanzania wangu uliponiponza. Nyie mnajua kwetu. Uwanja wa ndege hupigi picha. Daraja hupigi picha. Chochote chenye harufu ya jeshi hupigi picha. Mwenzangu mmoja aliwahi kushinda kituoni siku nzima kwa sababu bibi harusi alitaka picha mlimani, na nyuma ya shela kwa mbali kulikuwa na kambi. Bibi harusi akaenda ukumbini, mpiga picha akaenda kuandika maelezo.

Kwa hiyo nikafanya kama nilivyofundishwa na maisha. Nikajibanza nyuma ya gari langu, kamera nusu iko ndani ya koti, nachungulia, napiga mbili, narudisha kamera kotini, naangalia kulia na kushoto, napiga tena mbili.

Mtu mweusi, koti kubwa, anachungulia ndege za vita nyuma ya gari. Nikiwaza leo najiona nilivyokuwa.

Geti likafunguka. Akatoka mzee mrefu, ovaroli la bluu lenye madoa ya oili, anakuja moja kwa moja kwangu. Wakuu, sikumsubiri aseme neno. Nikatoa kamera, nikainua mkono mmoja juu, na kwa kidole cha mkono wa pili nikaanza kufuta picha moja baada ya nyingine huku nasema sorry sir, nafuta sir, ona sir, hii nayo imetoka.

Mzee akasimama akaniangalia. (Alisema kwa Kingereza cha kwao, mimi naweka kwa Kiswahili, ila lile neno lao "mate" naliacha, ni kama kusema "rafiki".)

"Unafanya nini, mate? Mbona unazifuta?"

Nikamwambia nafuta kabla hajaita polisi.

"Polisi wa nini? Kutokea hapo jua linakupiga usoni, hutapata kitu. Ndani ziko nzuri zaidi. Unakunywa chai?"

Huyo ndiye Mzee Des. Fundi mstaafu, miaka sabini na kitu, mikono mikubwa ya mtu aliyeshika spana maisha yake yote. Ulimi wangu ulitaka kumwamkia shikamoo, nikaumeza.

Kumbe pale wote ni watu wa kujitolea. Wastaafu, wanaume kwa wanawake, kila Jumamosi wanakuja na lunch box zao kufufua ndege. Hakuna anayelipwa. Kuna mama anafagia hanga lote kwa ufagio mmoja mpana, akimaliza anaanza upya. Kuna mzee kazi yake ni kuosha vikombe, na ukivigusa anakufokea. Kuna mwingine yeye huingia kwenye Dakota akasinzia kwenye kiti cha abiria mpaka saa ya chakula, na anasema anakagua mikanda.

Chakula chenyewe, wakuu, ni soseji moja juu ya slesi moja ya mkate, mkate umekunjwa. Basi. Mimi nilidhani ni cha kuonja nikawa nasubiri sahani.

Siku ile nilipiga picha mpaka betri ikafa. Mzee Des alinitembeza ndege kwa ndege. Aliponiona nafurahia picha zangu za kindege kimoja kilichokuwa kinapasha injini nje, akavaa miwani, akatazama kwenye skrini, akakunja uso.

"Umeiua."

Nilikuwa nimepiga kwa spidi kali, kama ninavyopiga bwana harusi akirusha koti. Pangaboi limeganda, visu vyote vinaonekana kama vimechongwa. Akanieleza kwamba ndege ya hivyo inaonekana kama imezimwa ikapakwa gundi. Shusha spidi, pumua, tulia, acha pangaboi liwe ukungu. Hapo mtu akitazama picha anasikia injini. Nimepiga picha miaka kumi na tano na hilo nilifundishwa na fundi wa injini akiwa na soseji mkononi. Kuuliza si ujinga, na kukosolewa sio kuvuliwa nguo.

Jumamosi iliyofuata nikarudi. Na nikafanya jambo ambalo kwangu lilikuwa la kawaida kabisa: nilipeleka picha zilizosafishwa. Kwetu ukimpiga mtu picha unamrudishia, ndio kazi ilivyo. Mama wa ufagio nikampa yake, mzee wa vikombe yake, wa Dakota nikampa yake akiwa amesinzia mdomo wazi.

Walizishika kama nimewapa shahada. Mama wa ufagio akaniambia watu wanakuja pale kila wiki na kamera zenye lenzi ndefu kama mkono, wanapiga ndege, wanaondoka. Yeye yuko pale miaka mingi na hana hata picha moja akiwa ndani ya hanga lile. Mimi sikuwa najua kwamba nimefanya kitu. Zikabandikwa kwenye mlango wa friji la jikoni kwao, na kuanzia hapo nikawa na kikombe changu.

Nani anaelewa maana ya kuwa na kikombe chako mahali, ugenini? Mimi siku ile niliendesha gari kurudi Rooty Hill naimba.

Sasa tuje kwenye kiini.

Mzee Des alikuwa na ndege yake. Sio yake kwa karatasi, yake kwa jasho. Ni Wirraway, ndege ya mafunzo ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, waliyoiunda Waaustralia wenyewe hapa hapa. Ya njano, viti viwili kimoja nyuma ya kingine, na puani ina injini ya duara, silinda zimepangwa kuzunguka kama vipande vya chungwa. Injini hiyo ilikuja pale imekufa, ndani imejaa kutu na viota vya panya. Des aliifungua kipande kwa kipande, na miaka kumi na kitu ya Jumamosi zake imeishia humo.

Chini ya injini kuna trei ya kukingia oili. Niliuliza kama kuna shida, hanga zima likacheka. Injini za aina hii zinavuja tu. Siku ikiacha kuvuja, ujue oili imeisha.

Na Mzee Des alikuwa na mke, Bi Maureen. Huyu alikuwa anamleta kila Jumamosi, maana daktari alimkataza mzee kuendesha gari. Anamshusha getini na kurudi jioni. Akiwahi, anakaa garini kwenye parking, kioo kimeshushwa kidogo, anafuma sweta. Ndani haingii. Hanga hilo halikanyagi, na kila mtu pale alilijua hilo na kulizoea.

Siku moja nilipita karibu na gari lake nikamsalimia. Akanituma.

"Mwambie mume wangu hilo bati lake halitampikia chakula cha usiku. Tunaondoka sasa hivi."

Nikapeleka ujumbe. Des akacheka, ila akanong'ona kwamba Maureen anaichukia ile ndege tangu siku ya kwanza. Alisema kama mtu anayesema leo kuna baridi, halafu akainama akaendelea kufunga nati.

Mwezi mmoja baadaye Des akaniita pembeni. Nyumba yao imeuzwa. Wanahamia Perth kwa binti yao, upande mwingine kabisa wa nchi, ni safari ya saa nyingi kwa ndege. Magoti yake hayataki tena ngazi, na Maureen anataka kuwaona wajukuu. Amekubali.

"Tutaiwasha Jumamosi ijayo," akasema. "Halafu wiki inayofuata naondoka. Nataka picha moja tu. Pangaboi linapoanza kuzunguka na ule moshi wa kwanza. Nitaitundika ukutani Perth. Nyingine sihitaji, hiyo tu."

Akaniambia ameshaongea na msimamizi wa usalama. Watu wote watakuwa nyuma ya kamba, ila mpiga picha mmoja ataruhusiwa kusimama mbele. Amewaambia awe mimi.

Wakuu, nilikuwa sijaaminiwa hivyo tangu nishuke ndege nchi hii. Wiki nzima ghalani nilikuwa napanga maboksi huku nafanya mazoezi ya kidole. Mke akachoka kunisikia. Akaniambia, "Baba Zawadi, hiyo propeller utaiota mpaka lini? Hata mimi siku ya harusi hukuniangalia hivyo."

Jumamosi ikafika. Baridi, anga safi, nyasi bado zina umande. Ndege ikasukumwa nje. Magurudumu yakawekewa kabari za mbao. Mafundi wawili wakalizungusha pangaboi kwa mikono, polepole, ili oili iliyotuama kwenye silinda za chini ipite. Fundi mwenye kibali, mama mmoja wa makamo, akapanda akakaa kwenye kiti cha rubani.

Mimi niko mbele, pembeni kidogo, mahali nilipochorewa chaki. Mgongoni kwangu, mbali kidogo, ni kamba na watu. Mzee Des amesimama mbele ya kamba peke yake, amevaa vifunika masikio, amekumbatia mtungi mwekundu wa kuzimia moto. Ulikuwa mtungi wa akiba. Nadhani walimpa ili tu awe na sababu ya kusimama mbele ya wengine.

Spidi nimeshusha. Nimepumua. Nimetulia. Lenzi iko kwenye pangaboi.

Subirini hapo niwape historia fupi, bila hiyo hamtanielewa, mtanitukana tu.

Kazi nilifundishwa na mzee mmoja wa Mwanza, marehemu sasa, Mungu amrehemu. Alikuwa na kanuni moja aliyotupigia kelele mpaka ikaingia kwenye mifupa. Bibi harusi akiingia ukumbini, kamera zote zinamgeukia. Wewe mgeuzie mgongo. Tafuta mama yake. "Bibi harusi atakaa kwenye kiti mbele yako usiku kucha, utampiga utachoka. Uso wa mama yake unapita mara moja." Kwa hiyo sisi vijana wake, muziki wa kuingia ukilia tu, shingo zilikuwa zinageuka zenyewe. Nimefanya hivyo miaka kumi na tano. Harusi mia ngapi sijui.

Mazoea yana taabu, walisema wahenga.

Injini ikakohoa. Moja. Ikakohoa tena. Nyuma yangu watu wote wakavuta pumzi kwa pamoja, ile "haaa" ya ukumbini mlango unapofunguliwa.

Na mimi nikageuka.

Naapa sikuamua. Mwili uligeuka. Nikaweka mgongo wangu kwa ndege ya vita iliyosubiriwa zaidi ya miaka kumi, nikainua kamera kwa watu, nikapiga. Nikapiga, nikapiga, nikapiga. Nasikia injini imeshika nyuma yangu, ardhi inatetemeka, koti linavutwa nyuma na upepo, harufu ya moshi imenifikia, na mimi niko na mama wa ufagio amejifunika mdomo, niko na mzee wa vikombe amevua kofia, niko na Mzee Des amekumbatia mtungi wake machozi yanamtiririka.

Akili iliporudi, nikageuka haraka kwenye ndege. Mama aliyekuwa ndani alishaona kitu. Oili ilikuwa inarukia kwenye kioo chake. Akazima.

Nilichopata ni pangaboi linasimama. Moshi umeshakwenda zake Liverpool.

Watu wakapiga makofi mpaka basi. Wamefurahi, injini imeunguruma, imekubali. Mafundi wakakimbilia puani na matambara. Habari ikaja baada ya muda kidogo: kuna sili ya kuzuia oili imekufa, mpya inaagizwa kutoka Marekani. Hapo ni miezi. Kuwasha tena kabla Des hajaondoka hakuna.

Mzee akaja kwangu akanishika bega. Hakuuliza kama nimepata. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo kwamba sikupata. Alisema tu, "Asante, mate," akaenda kuangalia oili.

Wakuu, niliwahi kupoteza memory card ya harusi ya mtoto wa diwani. Siku ile ilikuwa nafuu.

Nyumbani nikafungua laptop nikapitia picha zote, labda kuna moja kwa bahati. Hakuna. Mke akarudi kutoka shift, akanikuta nimejiinamia, nikamweleza. Nikamwambia nafikiria kumwandikia message kwamba card imeharibika. Maji yakishamwagika hayazoleki, angalau yasiwe na jina langu.

Mke hakucheka. Akavuta kiti akazitazama zile picha, akarudisha moja nyuma akaitazama tena.

"Baba Zawadi, wacha kujificha," akasema. "Huyo mzee ana-leave next week. Print hizo zenye uko nazo, uende umwambie ukweli uso kwa uso. Na hii hapa print kubwa."

Nikamuuliza ina nini. Akasema, "Wewe peleka tu. Nyinyi wanaume huwa hamuoni kitu."

Siku ya pili yake nikaenda kwao. Nyumba imejaa maboksi mpaka koridoni. Bi Maureen yuko jikoni anafunga vikombe kwa magazeti, mlango uko wazi. Mzee Des akanikaribisha kwenye kiti pekee kilichobaki, yeye akakaa juu ya boksi la vitabu.

Nikamwambia. Sikuzungusha. Mzee, ile picha sina. Injini ilipokohoa nikageuka kutazama watu, ni mazoea ya kazi ya nyumbani, na niliporudi ilikuwa imeshazimwa. Hakuna moshi, hakuna pangaboi. Nisamehe.

Nisiwadanganye wakuu, hakunitabasamia. Uso ulishuka. Alitazama mikono yake muda mrefu.

"Ilikuwa kazi moja tu," akasema.

Nikasema ndio, mzee.

"Moja."

Ndio.

Nilitamani boksi mojawapo linimeze. Nikamkabidhi bahasha ya zile picha nyingine. Akavaa miwani, akazitoa kwa ustaarabu tu, kama mtu anayepokea zawadi asiyoihitaji. Kwa mama wa ufagio akatikisa kichwa. Kwa mzee wa vikombe akacheka kidogo puani. Kisha akafika kwenye ile kubwa.

Kwenye picha hiyo, Mzee Des yuko mbele, mtungi kifuani, mashavu yamelowa, macho yako kwa injini. Nyuma yake ni kamba na watu wote, na wote wanatazama injini. Wengine vinywa wazi, wengine simu juu.

Mtu mmoja tu hatazami ndege. Amesimama nyuma kabisa ya bega la Des, sweta lenye sindano za kufumia bado liko mkononi. Yeye anamtazama Des.

Mzee aliisogeza picha karibu na macho. Akaisogeza mbali. Akaisogeza tena karibu.

"Maureen," akaita. "Ulikuwepo?"

Karatasi ikaacha kuchakacha jikoni. Bi Maureen akaja mpaka mlangoni, akatazama picha kwa mbali.

"Nilitoka kunyoosha miguu," akasema.

"Ulitoka kwenye gari? Ukaja mpaka kwenye kamba?"

"Miguu ilikuwa imekufa ganzi."

"Mbona ulipotea? Niligeuka sikukuona."

"Kwani ulinitafuta?" Kisha akalegeza sauti. "Nilirudi garini. Ilikuwa siku yako, Des. Sikutaka uanze kunieleza mambo ya silinda."

Mzee akaweka kidole juu ya picha, kile kidole kikubwa chenye oili isiyotoka. "Ndege imewaka kwa mara ya kwanza na wewe huiangalii."

"Hilo bati nimeliangalia miaka yote kupitia kioo cha gari. Nilitaka kuona uso wako likiitika."

Mimi nimegeukia dirisha, nasoma maandishi ya kwenye maboksi.

"Nilidhani unaichukia," Des akasema.

"Naichukia," akajibu. "Sana. Imenilia Jumamosi zote."

Na akaja akaichukua picha mkononi mwa mumewe. Mzee akataka kuiweka kwenye boksi la fremu lililokuwa wazi pale chini, boksi la vitu vya kutundika ukutani Perth. Bi Maureen akakataa kwa kichwa. Akaenda kwenye mkoba wake uliokuwa juu ya meza, akatoa dawa, akatoa kitambaa, akapanga picha kwanza kabisa chini, akarudisha vingine juu yake.

"Hii haipandi lori," akasema, akarudi kwenye vikombe vyake.

Wameshafika Perth sasa. Nawashukuru wote wawili, na nawashukuru wale wazee wa hanga walionifungulia geti wakati mimi mwenyewe nilikuwa najikamata. Nawashukuru kwa kikombe. Namshukuru na mke wangu, ambaye aliiona picha yangu kabla sijaiona mimi, na ananikumbusha hilo kila siku, Wakenya hawana dogo. Jumamosi bado naenda. Nimewekwa kwenye roster, kazi yangu imeandikwa "watu". Ndege wanapiga wale wenye lenzi ndefu.

Nilichojifunza ni hiki. Nilikosea kazi niliyopewa, na kukosea ni kukosea, ile picha ya pangaboi Mzee hataipata kamwe kutoka kwangu na bado inaniuma. Ila kama ningetuma ile message ya uongo kwamba card imeharibika, mwanamke yule angeondoka Sydney na siri yake, na mumewe angekufa akiamini alikuwa peke yake mbele ya ile kamba. Ukiharibu, nenda na ulichonacho mkononi. Huwezi jua mwenyewe ataona nini ndani yake.

Nimemaliza wakuu. Wa kunicheka kwa kufuta picha getini ruksa, wapiga picha mliowahi kuharibu kazi ya mtu njooni tupeane pole. Wengine nawaachia swali moja, mnijibu hapo chini: siku yako kubwa, watu wote wakiwa wanatazama sherehe, ni nani alikuwa anakutazama wewe? Na alishawahi kujua kwamba unajua?